Kuchagua kisu salama cha kukatia kamba mlimani: mwongozo kamili

Mtu asiyezoea upandaji wa miamba hushangaa akimwona mpandaji amening'iniza kisu kwenye hanesi, yaani ule mkanda wa kiunoni na mapajani ambao kamba hufungiwa. Mshangao huo ni wa haki. Kati ya vifaa vyote tunavyobeba kwa makusudi, kisu ndicho kinachoweza kukata kila kitu kinachotushikilia: kamba, mikanda ya nanga, yaani pale kamba inaposhikizwa kwenye mwamba, hata hanesi yenyewe. Kwa sababu hiyo mnunuzi asianze kuuliza kama kisu kinakata vizuri, bali aulize kama kitabaki kimefungwa wakati hakihitajiki. Swali la pili ni kama kinaweza kufunguliwa kwa mkono mmoja. Ukali huja wa tatu, na nitaeleza hapa chini kwa nini naupa nafasi hiyo.

Hatua ya kwanza: jua utakachokata

Chukua mfano wa Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, chenye mita 5,188, ambacho Eric Shipton na Wyn Harris walikuwa wa kwanza kukifikia mwaka 1929. Wanaokipanda kwa upande wa kusini-mashariki, hasa kati ya Desemba na Machi jua linapokuwa upande wa kusini, hurudi chini kwa kushuka kwa kamba, kipande baada ya kipande, na kila kipande huanzia kwenye nanga ambayo mara nyingi ni rundo la mikanda na kamba nyembamba zilizoachwa na waliotangulia. Jua kali la juu huzichosha nyuzi hizo, barafu huzikakamaza, na kamba za wapandaji wengi zikivutwa juu yake huzisaga. Mpandaji mwangalifu hukata mkanda uliopauka na kukakamaa, akafunga kamba mpya ya milimita 6 au 7 aliyoibeba kwa ajili hiyo, na mabaki akashuka nayo. Hiyo ndiyo kazi ya kawaida ya kisu cha mpandaji, kazi ya utulivu isiyo na haraka yoyote.

Kazi nyingine ni nzito zaidi. Kamba huweza kukwama juu unapoivuta baada ya kushuka, ukalazimika kukata sehemu uliyonayo ili uendelee na safari. Jiwe linaloanguka huweza kuipasua kamba hadi nyuzi nyeupe za ndani zikaonekana, na sehemu hiyo ikabidi iondolewe. Shati, skafu au nywele huweza kumezwa na kifaa cha breki, kile kinachozuia kasi ya kushuka, katikati ya mteremko. Mwisho kabisa, na kwa nadra mno, kuna kukata kamba iliyobeba uzito wa mtu.

Tukio linalojulikana zaidi la aina hii ya mwisho lilitokea Peru mwaka 1985, kwenye mlima wa Siula Grande. Joe Simpson alikuwa amevunjika mguu, na mwenzake Simon Yates alikuwa akimteremsha kwa kamba mbili zilizounganishwa, usiku, katika dhoruba. Simpson akapitiliza ukingo akabaki akining'inia hewani, huku Yates, aliyeketi kwenye shimo alilochimba ndani ya theluji, akivutwa kidogo kidogo kuelekea chini. Yates alieleza baadaye kwamba kisu kilikuwa ndani ya begi la mgongoni, kwamba alilazimika kukitoa kwa mkono mmoja na kukifungua kwa meno, na kwamba kamba ilikatika mara tu makali yalipoigusa. Wote wawili walinusurika. Mimi nalichukulia tukio hilo kama somo kamili la kuchagua kisu, kwani mambo matatu ninayoyajadili hapa yamo ndani yake: kisu kinawekwa wapi, kinafunguliwaje, na nguvu kiasi gani inahitajika kukata kamba iliyokaza.

Hilo la tatu unaweza kulithibitisha nyumbani, na ningependa kila mpandaji alifanye jaribio hili mara moja kabla ya kununua chochote. Funga kamba kuukuu ya milimita 6 kwenye boriti au tawi imara, uning'inize dumu la lita 20 lililojaa maji, shubiri moja tu kutoka ardhini, kisha usimame kando na upitishe makali juu ya kamba kwa wepesi. Utaona gamba la nje likifunguka kana kwamba lilikuwa likisubiri kuguswa, nyuzi za ndani zikiruka moja moja, na dumu likianguka kabla hujafikiria kuongeza nguvu. Sasa chukua kipande cha kamba hiyo hiyo, ukilaze mezani kikiwa kimelegea, ujaribu kukikata kwa kisu hicho hicho. Kitateleza, kitajikunja, na utalazimika kukisaga kama mtu akataye nyama yenye mishipa. Kamba iliyokaza haihitaji kisu kikali. Ugumu wake ni kukizuia kisu kisiiguse. Kamba iliyolegea ndiyo inayohitaji ukali, na hiyo kwa kawaida huikata ukiwa na muda wa kutosha.

Hatua ya pili: hakikisha kisu kinabaki kimefungwa

Kisu cha hanesi kiwe cha kukunja. Kisu cha ala kina nafasi yake kwa waokoaji wenye mafunzo na kwa watu wa majini, lakini ala hulegea, na mwili wa mpandaji hujipinda, hujisugua kwenye mwamba, na wakati mwingine hugeuka kichwa chini. Visu vinavyojifungua kwa springi ukibonyeza kitufe usivibebe kabisa, kwa sababu ncha ya mwamba haina tofauti na kidole.

Visu vya kukunja navyo hutofautiana kwa namna vinavyoushikilia ubapa ndani ya mpini. Vingi hutegemea mkazo wa springi peke yake. Kwa matumizi ya mfukoni hiyo yatosha, lakini kwenye hanesi haitoshi. Nilijifunza hilo kwenye kuta za Hell's Gate, karibu na Naivasha, nilipokuwa nikipanda ndani ya ufa mpana ambao mtu hujibana kwa mgongo na miguu. Kisu changu kilikuwa cha bei nafuu, chenye kipini kinachojitokeza kwenye ubapa ili kurahisisha kukifungua. Nilipofika juu na kugeuka kupanga vifaa, nilikuta ubapa umetoka robo ya urefu wake, na mkanda mmoja uliokuwa ukining'inia kando yake umechanika kwa upana wa punje ya mchele. Sikuwa nimesikia chochote. Mkanda ule haukuwa umebeba uzito, na hilo ndilo jambo pekee lililoniokoa na hasara kubwa zaidi. Tangu siku hiyo sikubali kisu kinachofungwa na springi tupu.

Namna ya pili ni komeo linaloushika ubapa hata ukiwa umefungwa. Mfano mzuri ni visu vya Opinel vya Ufaransa, vinavyotengenezwa katika eneo la Savoie tangu mwaka 1890. Kwenye shingo la mpini wake kuna pete ya chuma inayozungushwa kwa vidole; pete hiyo ilianza mwaka 1955 ikiwa na kazi ya kuzuia ubapa usijikunje wakati wa kukata, na tangu mwaka 2000 huweza pia kuufunga ubapa ukiwa ndani. Ni kisu chepesi, cha bei ya kawaida, na makali yake hunoleka kwa urahisi. Udhaifu wake mlimani ni kwamba hudai mikono miwili, na mpini wa mti ukilowa huvimba na kuubana ubapa.

Namna ya tatu ndiyo ninayoipendekeza. Kuna visu vilivyobuniwa kwa ajili ya wapandaji, ambavyo tundu lake la karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango inayotundikia vifaa kwenye hanesi, hupita kwenye mpini kwa namna ambayo karabina ikiwa ndani, ubapa hauwezi kutoka. Kisu kikiwa kimetundikwa kimefungwa kwa chuma, wala si kwa springi. Dukani usiridhike na maelezo ya muuzaji: omba karabina, uipitishe, kisha jaribu kwa nguvu kuutoa ubapa kwa kucha. Usitoke hata kidogo. Kumbuka pia kwamba visu vingi vyenye tundu la karabina havina uwezo huo, kwani tundu lao ni la kutundikia tu.

Kisu usichokuwa na uhakika nacho kipime hivi. Kikunje, kitikise kwa nguvu ncha ikielekea chini, kisha kiburute kwenye kitambaa kigumu cha suruali ya jinzi kutoka kila upande, ukikibana kwa kiganja kama mwamba unavyobana. Ubapa ukisogea hata kidogo, kirudishe.

Hatua ya tatu: kifunguke kwa mkono mmoja

Hapa ndipo mahitaji mawili yanapogongana, na ndiyo sababu kuchagua kisu hiki ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Kisu rahisi kufungua kwa makusudi huwa rahisi pia kujifungua kwa bahati mbaya. Ufumbuzi wa tundu la karabina una uzuri huo kwamba hutenganisha mambo mawili: kikiwa kimetundikwa hakifunguki, kikitolewa kwenye karabina hufunguka kwa urahisi.

Vaa glavu unapokijaribu. Mfereji mdogo wa kucha uliochongwa kwenye ubapa haufai kitu kwa mtu mwenye glavu au mwenye vidole vilivyokufa ganzi, na kwenye kivuli cha alasiri juu ya mita 5,000 vidole hufa ganzi haraka sana. Tafuta tundu pana kwenye ubapa, au gurudumu lenye meno kwenye bawaba kama lilivyo kwenye Spatha ya Petzl, ambalo dole gumba hulishika hata likiwa ndani ya glavu nene. Jaribu kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu huchagui mkono utakaokuwa huru. Wengine hutegemea meno, lakini chuma chenye baridi kali hunata kwenye midomo yenye unyevu.

Ubapa ukishafunguka, komeo lake lazima liushike. Kisu kisicho na komeo kinaweza kujikunja juu ya vidole pale unapokisukuma kwa pembe mbaya. Kagua kwa kukandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia yake. Komeo likitetereka, kisu hicho si cha mlimani. Angalia pia kama unaweza kulifungua komeo kwa mkono ule ule mmoja, maana kisu kilichobaki wazi huku umening'inia ni hatari kuliko kile kilichokataa kufunguka.

Kwa kuwa kisu kitatoka kwenye karabina, kifunge ugwe wa milimita 2 au 3, wenye urefu wa kutosha mkono kunyooka. Kisu kinachoponyoka kutoka juu humshukia mtu aliye chini, nawe unabaki bila zana.

Hatua ya nne: makali, ncha na chuma

Makali yenye meno hukata kamba iliyolegea na mikanda migumu vizuri zaidi, kwa sababu meno hushika nyuzi ambazo makali laini huziteleza. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye mikanda myembamba ya Dyneema, nyuzi zenye utelezi mwingi. Makali laini nayo hukata safi, na unaweza kuyanoa kwa kinoo chochote. Ubapa wenye nusu ya meno na nusu laini ni mapatano mazuri, na ndio ninaoubeba. Urefu wa sentimita 6 hadi 8 unatosha kila kazi niliyoitaja. Ubapa mrefu zaidi huongeza tu eneo unalopaswa kulichunga.

Kuhusu ncha, chagua butu. Mpandaji hana cha kuchoma. Ubapa ambao mgongo wake umeinama ukakutana na makali, kama kwato la kondoo, hauwezi kutoboa paja lako wala hanesi ya mwenzako. Kwa chuma, chuma cha pua cha kawaida kinafaa kabisa, na kwa wanaopanda kando ya bahari ni cha lazima, kwani chumvi ya hewani hula bawaba kabla ya ubapa. Chuma cha gharama kubwa si kosa, ila hakina faida utakayoiona kwenye kamba.

Mkasi na njia nyingine

Watu wengi hawaufikirii mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha bapa iliyopinda ambao wauguzi hukatia nguo za majeruhi. Mkasi huo hukata mikanda, kamba nyembamba, shati na nywele, na hukata tu kile kilichoingia kati ya taya zake. Kwa mtu anayefundisha wanafunzi au anayeshuka na kundi, nauona kuwa chaguo bora kuliko kisu, licha ya ukubwa wake. Visu vya kulabu, vyenye makali yaliyofichwa ndani ya mdomo mwembamba, navyo ni salama, lakini pima kwanza kama kamba yako inaingia mdomoni: vingi hukubali mkanda vikaikataa kamba ya milimita 10.

Asiye na zana yoyote anaweza kukata mkanda kwa kamba nyembamba ya nailoni, kwa kuipitisha juu ya mkanda na kuivuta mbele na nyuma kwa kasi, mahali pale pale. Kinachokaa mahali pamoja ndicho hukusanya joto lote na kuyeyuka. Nailoni ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 220 za Selsiasi, ilhali Dyneema huyeyuka karibu na 145. Ni hila ya kuokoa maisha, na papo hapo ni onyo: usiruhusu kamba inayokimbia isugue mkanda uliosimama, kwa maana utaukata vivyo hivyo.

Hatua ya tano: mahali pa kukibeba

Kiweke kwenye kitanzi cha nyuma cha hanesi, upande unaofikiwa na mkono wako imara, mbali na mikanda inayoning'inia na mbali kabisa na kitanzi cha mbele ambacho kamba hufungiwa. Kwenye ufa mpana kihamishie mfuko wenye zipu. Usikitumbukize ndani ya begi. Usikitundike shingoni pia, kwani ugwe wa shingoni hunasa, na kisu hukaa usawa wa fundo lako. Wanaosafiri kwa ndege wakipakie kwenye mzigo unaokaguliwa. Wasomaji walioko Uingereza wajue kwamba sheria ya huko huruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 na kisicho na komeo. Chenye komeo hudai sababu ya msingi, kwa hiyo kibaki pamoja na vifaa vya kupandia, kisiachwe kwenye gari au mfukoni mwa koti la kila siku.

Hatua ya sita: namna ya kukata

Kabla ya kutoa kisu, kila mtu awe amefungwa kwenye nanga kwa kitu kisichohusiana na kile kitakachokatwa. Kisha shika kwa mkono kile unachotaka kukata na ukifuate kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu macho peke yake hudanganyika penye rundo la kamba za rangi moja. Sema kwa sauti unachokata, mwenzako naye akifuate kwa mkono wake na kukubali. Ni baada ya hapo tu ndipo ubapa unafunguliwa.

Vuta mkanda unaokatwa mbali na nanga ili makali yaelekee hewani, pasipo kamba nyingine, mkono wala paja katika njia yake. Ukikata kamba iliyolegea, ikunje kama kitanzi, uikaze kwa mkono, ukate kwenye mkunjo kutokea ndani kuelekea nje. Ukiwa na utepe wa kunata, zungusha kwanza mahali pa kukata na upitishe kisu katikati ya utepe, kisha uyeyushe ncha kwa kiberiti cha gesi. Kunja kisu na ukirudishe kwenye karabina kabla ya kugusa kitu kingine.

Nguo au nywele zikinaswa kwenye breki wakati wa kushuka, kisu kisiwe wazo la kwanza. Funga fundo la prusiki, lile linalobana kamba likibeba uzito, kwenye kamba juu ya kifaa, utengeneze kitanzi cha mguu, usimame juu yake ili uzito utoke kwenye breki, kisha uchomoe kilichonasa. Ikishindikana kabisa, kata nguo kwa mkasi. Ukiwa na kisu tu, weka kiganja kati ya makali na kamba, na ukate ukielekea mbali na kamba. Kamba hiyo imekaza, nawe umeshaona dumu lilivyoanguka.

Kamba iliyokwama juu ivute kwanza kutoka pembe tofauti, uitikise kwa mawimbi, ujaribu tena mkiwa wawili. Usiipande kamba usiyojua imeshikwa na nini. Likibaki la kukata, kata juu kadiri unavyoweza kufika kwa usalama, kwa sababu kila mita utakayookoa itafupisha idadi ya nanga utakazohitaji kushukia.

Utunzaji

Vumbi la Naivasha ni laini kama unga, na huingia kwenye bawaba likachanganyika na mafuta kuwa tope. Suuza kisu kwa maji safi baada ya kila safari, kikaushe kikiwa wazi, ukitie tone moja tu la mafuta mepesi kwenye bawaba na upanguse yaliyozidi. Kinoe kabla hakijawa butu, na usikitumie kukatia mkate, waya au maboksi. Kila mwanzo wa msimu rudia jaribio la jinzi na la ukingo wa meza, na kile ambacho komeo lake limeanza kulegea kihamie jikoni siku hiyo hiyo.